Hatua Arobaini na Moja

Alikuja Jumatatu na chaki, bosi wetu Mutonyi,
chaki ile ile ya kukatia suruali,
akainama sakafuni, akaanza kuchora
nyuma ya visigino vyangu.
Nilikwenda kabatini kuchukua vifungo:
hatua arobaini na moja.
Kurudi: arobaini na mbili,
maana nilimkwepa paka.

Tuko wanane katika karakana ya Namakwekwe,
chumba kimoja kirefu nyuma ya kinu cha mahindi,
unga ukipeperuka mpaka kwenye sare za shule.
Januari ikikaribia, Mbale nzima hutaka kola nyeupe,
nasi hushona mpaka jicho lione uzi mmoja kuwa miwili,
na bado shule ya Busamaga hutuma mtu kuuliza:
Ziko wapi?

Zipo. Hizo hapo.
Kola mia mbili juu ya meza ya Wandeba,
mikono ya mashati chini ya meza ya Wandeba,
na Wandeba mwenyewe katikati, na pasi yake ya makaa,
kama mtu aliyejengewa nyumba akiwa ndani.
Tuliona fahari. Rundo ndiyo kazi, tulisema.
Rundo likifika dirishani, mwenye nyumba akichungulia
hudai kodi kwa adabu.

Siku ya pili akaleta saa ya kubonyeza,
ile ya makocha wa mbio.
Ti, anabonyeza. Ti.
Khaukha akaninong'oneza: anatafuta wa kufukuza.
Siku hiyo nilishona kwa hofu,
na hofu haina mshono ulionyooka.

Jioni akaandika ubaoni. Si majina yetu.
Aliandika: shati moja, dakika thelathini na nne za mkono.
Chini yake: shati lilo hilo, siku tisa za kungoja.
Akaiweka chaki, hakusema kitu.
Kinu kilikuwa kimezimwa;
tulimsikia paka akijilamba.

Siku tisa!
Shati halina mgonjwa hospitalini, halina kesi kortini,
linangoja nini?

Haba na haba hujaza kibaba, nilifunzwa.
Sikuambiwa kibaba nacho huvuja haba na haba:
hapa mkasi uliofichwa na mwenye kuogopa wizi,
pale bobini tupu,
pale kola sitini zilizopinda upande mmoja,
zikagunduliwa zote sitini zimekwisha kushonwa.
Zile nilizifumua mimi. Mikesha miwili. Bila malipo.

Tukavihamisha vyerehani, vikakaa umbo la kwato.
Kabati likauzwa. Vifungo vikaja ubavuni pangu
ndani ya kopo la samli.
Mafungu ya sitini yakawa ya matano.
Sasa kola ya kwanza ikipinda, Khaukha hunyoosha mkono
(mwanzoni mkono ulimtetemeka),
sote tunasimama, hata Wandeba na pasi yake,
na hakuna anayetukanwa.

Haraka? La. Sijawahi kushona kwa utulivu namna hii,
na mashati sitini ya siku yamekuwa tisini na matatu.

Ila nilimuuliza Mutonyi, mbele ya wote:
saa ulizoziokoa miguuni mwangu ni za nani?
Alikaa kimya muda ambao hakuna aliyeupima.
Kisha akaandika: saa kumi na moja, nyumbani.
Na shilingi mia juu ya kila shati.
Mwezi wa kwanza amelipa. Wa pili tutaona.

Natoka jua lingali likiupaka rangi Wanale,
na maporomoko yake ya kiangazi yananing'inia mwambani
kama uzi uliosahauliwa kukatwa.

Lakini sitakudanganya.
Njia ya kabatini ilipita kando ya Nambozo;
nilikuwa nikimgusa bega, nikimuuliza mtoto ameamkaje.
Hilo halikuandikwa ubaoni.
Na kila saa nne asubuhi mwili wangu huinuka wenyewe,
hatua moja, ya pili,
mpaka Nambozo, kutoka ng'ambo ya kwato,
acheke bila kuliachia pindo:
Wewe! Kabati halipo!

Kisha, macho yakiwa kwenye sindano:
Hajambo. Leo amemaliza uji.